Mguu wa Kushoto wa Bibi wa Mtihani

Asubuhi ya mtihani, mama mkwe alikataa katakata kugongwa goti.

"Sitaki," alisema, akauficha mguu chini ya kiti. "Jana umenigonga, juzi umenigonga. Goti langu si mlango wa jirani. Mgonge mumeo. Ana magoti mawili na sijayaona yakifanya kazi yoyote humu ndani."

Mume alikuwa ameshakunja suruali, maana alijua zamu yake inakuja. Ndiyo hali ya nyumba ambayo mama mwenye nyumba anasomea ubingwa wa juu wa kiharusi na mishipa ya damu. Watu wa nyumba nyingine wakiamka husalimiana. Wa nyumba hii waliamka wakaambiwa wacheke meno yaonekane, wanyooshe mikono mbele wakiwa wamefumba macho, wafuate kidole kwa macho bila kugeuza kichwa. Walikuwa wamezoea kiasi kwamba binti mdogo, siku mwalimu mpya alipomwita mbele ya darasa, alitoa ulimi kwanza ndipo akataja jina.

"Leo usiende kusema lile neno lako," mume alimwambia mkewe, goti likiruka kwa nyundo yake ndogo ya udaktari.

"Neno gani?"

"Unalijua."

Alilijua. Chuoni walimwita Labda, na jina hilo alipewa na profesa wake mwenyewe. Alikuwa daktari wa miaka mingi, mvi zimeshaanza kumpigia hodi kwenye paji la uso, na mikono yake wagonjwa waliipenda. Lakini mweke mbele ya watahini umuulize ugonjwa uko wapi, ataanza: labda ni mshipa huu, ila labda ni ule, na labda tusisahau sukari. Mara ya kwanza walimfelisha kwa labda. Mara ya pili wakamfelisha kwa labda zilizokuwa zimepungua kidogo. Kiharusi, Profesa alimwambia siku hiyo, hakina subira. Ubongo unakufa wewe bado unasema labda. Na alisema kweli, hilo lazima tumkubalie, ingawa angeweza kulisema bila kugonga meza.

Sasa ilikuwa mara ya tatu, na chuo hakikuwa na ya nne. Akifeli leo anarudi alikotoka, hospitali ambako mtu wa kiharusi alilazwa, akatundikiwa dripu, akaombewa, na anayejua cha kuongeza hakuwepo. Alikuwa amewaahidi wenzake wa kule kwamba atarudi na elimu. Hakuwa amewaambia kwamba anaweza kurudi na mikono mitupu, na kila walipompigia simu kumuuliza masomo yanaendaje, aliwajibu kuwa yanaendelea vizuri, kisha akakosa hamu ya kula.

"Nenda," mama mkwe alisema, akautoa mguu wake mafichoni sasa kwa kuwa nyundo imeshaingia mkobani. "Nenda ukafaulu, mwanangu, na sisi wengine tupumzike."

Ukumbi wa nje wa wodi ulikuwa umejaa watahiniwa, watu wazima wenye makoti meupe na nyuso za watoto waliovunja kikombe. Wengine walisoma. Wengine walijitia hamnazo. Katikati yao alisimama yule waliyemwita Redio, daktari mnene mwenye sauti, ambaye hakuwa na siri hata moja, si yake wala ya mwenziwe.

"Ombeni mmpate Bibi," Redio alikuwa anatangaza. "Nasema hivi, ukimpata Bibi umepita. Mguu wa kushoto umepooza. Mshipa wa mbele wa ubongo, upande wa kulia. Ingia, sema, toka. Hata kumgusa ni kupoteza muda."

Maneno hayo hakuyatunga Redio. Aliyapokea kwa waliomtangulia, na wao waliyapokea kwa waliowatangulia. Bibi alipata kiharusi cha aina ambayo haionekani kila siku: kwa kawaida mkono ndio huumia zaidi, yeye ukapooza mguu, mkono ukabaki salama. Profesa, ambaye ndiye aliyemtibu, aliupenda mguu ule kama wengine wanavyopenda gari jipya. Tangu hapo kila mtihani ulipofika, alitumwa mtu na gari kumleta Bibi. Alipandishwa kwenye kiti cha magurudumu, akalazwa kitandani, na madaktari wakapita mmoja mmoja kuugundua ugonjwa ambao kila mmoja alikuwa ameukariri kabla hajafika. Wakafaulu. Wakawa mabingwa. Wakawaambia wadogo zao. Ndivyo elimu inavyorithishwa, nyakati nyingine.

Mlango ukafunguka, jina la Labda likaitwa.

"Chumba cha Bibi!" Redio alinong'ona, na kunong'ona kwa Redio kulisikika mpaka jikoni kwa wagonjwa. "Dada, nyota yako imewaka. Kushoto! Usisite!"

Labda aliingia moyo ukimwenda mbio, na kwa mara ya kwanza tangu aanze masomo yale mbio zenyewe zilikuwa za furaha. Kulikuwa na kitanda kimoja, dirisha, na viti viwili. Kwenye kimoja alikaa Profesa, mrefu, mkavu, kalamu tatu mfukoni. Kwenye cha pili alikaa mtahini mgeni kutoka chuo kingine, mama wa makamo mwenye miwani, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha haki inatendeka na ambaye mpaka wakati ule alikuwa amefanikiwa kukaa macho.

"Huyu ana tatizo la kutembea," Profesa alisema. "Mpime, utuambie. Na bila lile neno, tafadhali."

"Shikamoo, bibi," Labda alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mikono yako isiwe baridi tu."

Alikuwa kikongwe mdogo, uso umejaa mikunjo ya mtu aliyecheka sana, shuka limemfika kifuani. Labda alisugua viganja vyake vikapata joto, akaanza juu. Uso ulicheka sawasawa pande zote. Maneno yalitoka vizuri, tena mengi. Mikono ilikuwa na nguvu, na alipoambiwa amkamate vidole, Bibi alivibana mpaka daktari akashtuka. Alifika miguuni. Mguu wa kulia ulipanda juu. Wa kushoto uliambiwa upande, ukatulia palepale kama si wenyewe ulioambiwa. Alitoa nyundo. Goti la kulia liliruka kidogo, la kushoto likaruka sana, kama linavyotakiwa liruke la mtu aliyewahi kupata kiharusi. Kila kitu kilikuwa pale Redio alipokiweka.

Angeweza kugeuka wakati huo na kusema. Ulimi ulikuwa tayari, maneno yamejipanga.

Lakini mikono ya Labda ilikuwa na mazoea yake. Nyumbani ilikuwa imeshika miguu ya watu asubuhi baada ya asubuhi, na haikujua kuacha kazi katikati. Alimshika Bibi nyayo zote mbili kwa pamoja, akazisugua kwa kidole gumba. Zilikuwa ngumu sawa, kavu sawa, zimepasuka kisiginoni sawa. Mguu usiokanyaga chini huwa laini kama wa mtoto. Alipima mashavu ya miguu kwa kiganja. Yalijaa sawa.

Hapo ndipo alipofanya kile kipimo ambacho mume wake alikichoka kuliko vyote. Mtu akilala chali ukamwambia ainue mguu mmoja, wa pili hukandamiza kitanda wenyewe ili kumsaidia. Hauombi ruhusa kwa mwenyewe. Uliopooza kweli hauwezi. Labda alipenyeza kiganja chini ya kisigino cha kushoto.

"Bibi, kandamiza mkono wangu kwa mguu huu."

Hakuna kitu.

"Haya, huo uache. Sasa niinulie wa kulia. Juu. Mimi nakuzuia, wewe lazimisha."

Bibi aliuinua wa kulia kwa bidii ya mtu mwenye kiburi cha afya, na kisigino cha kushoto kikashuka kwenye kiganja cha Labda kwa nguvu, kama cha dereva aliyeona mbuzi barabarani. Labda alirudia. Kikashuka tena.

Alimtazama Bibi. Bibi alikuwa anatazama dari, na dari lenyewe halikuwa na lolote la kutazamwa.

Aliinama kama anayemtengenezea mto. "Bibi," alinong'ona, "umepona lini?"

"Nyamaza wewe," Bibi alinong'ona bila kusogeza midomo. "Sema kushoto uende zako."

"Lakini mguu una nguvu."

"Nani kakuuliza habari za nguvu? Wenzako wote wanasema kushoto, wanapita. Unataka wakufelishe?"

Ndilo swali lililomkamata Labda. Alibaki ameinama, mto mkononi. Akilini alimwona mume wake na suruali yake iliyokunjwa. Aliwaona wenzake wa kule, na mgonjwa aliyelazwa akitundikiwa dripu. Neno moja tu, kushoto, na yote hayo yangekuwa yake. Wangapi walilisema wakatoka wakicheka? Na yeye, mtu aliyefelishwa mara mbili kwa kutokuwa na hakika, leo alikuwa na hakika, na hakika yenyewe ilikuwa ndiyo jibu baya. Alitaka kulia. Alitaka pia kumpiga Bibi kwa mto.

"Daktari," Profesa aliita. "Tunakusikiliza."

Labda aliuweka mto. Aligeuka.

"Bibi huyu aliwahi kupata kiharusi," alisema. "Mshipa wa mbele wa ubongo, upande wa kulia. Goti la kushoto bado linaonyesha alama yake. Lakini mguu haujapooza. Umerudi. Bibi amepona, Profesa, na anatembea."

Mtahini mgeni alivua miwani.

Profesa hakukasirika mara moja. Alitabasamu kwanza, jambo ambalo wanafunzi wake waliliogopa zaidi. "Mgonjwa huyu ni wangu," alisema. "Nimemjua tangu siku aliyoletwa. Hata kiti kile, mara nyingine nakisukuma mwenyewe. Unataka kubadilisha jibu lako? Nakupa nafasi."

"Hapana, Profesa."

"Una hakika?"

"Nina hakika." Aliitia nyundo mfukoni. "Samahani, Profesa. Mguu wenyewe, mara ya mwisho ulimshika lini?"

Swali lilitoka kwa heshima, sauti ya chini kabisa, na kwa sababu hiyo likauma zaidi. Profesa alichomoa moja ya kalamu zake tatu, akaivuta karatasi ya alama. Huko juu, kwa maandishi yake mwenyewe, jibu sahihi lilikuwa limeandikwa tangu zamani: mguu wa kushoto, umepooza. Karatasi ile haikuwa na mahali pa kuandika kitu kingine.

"Basi umemaliza," alisema, akainamisha kalamu.

"Iweke chini hiyo kalamu," Bibi alisema.

Alikuwa ameshakaa. Alitupa shuka, akashusha miguu, wote wawili, akaelekea dirishani kwa mwendo wa mtu aliyechelewa sokoni. Aligusa dirisha, akarudi, akasimama mbele ya Profesa, mikono kiunoni. Kwa kuwa yeye alisimama na Profesa amekaa, ndipo walipolingana.

Macho yalimtoka Profesa. "Bibi! Miaka yote hii nakusukuma!"

"Na umenisukuma vizuri, mwanangu, sina lawama. Ila kona ya pale maabara huwa unaikata vibaya."

Mtahini mgeni alikohoa kwenye kiganja chake. Kikohozi kile kilikuwa na kicheko ndani.

"Kwa nini?" Profesa aliuliza. "Kwa nini, bibi? Mguu ukirudi si unaniambia? Hakuna habari ambayo ningependa kuisikia kuliko hiyo."

"Nilitaka kukwambia." Bibi alikaa ukingoni mwa kitanda, na uso wake ukabadilika. Utani uliondoka. "Mwaka ule mguu ulivyoanza kupata nguvu, nikajua mtaona wenyewe, ninyi si ndio wasomi. Akaja kijana mmoja mwembamba. Akanishika, akanipima, akasema, bibi huyu anapona. Ukamuuliza, una hakika? Akasema anayo. Ukamwandikia sifuri. Unakumbuka? Mimi nakumbuka. Alisimama hapo hapo alipo huyu binti, akalia, mwanaume mzima. Amesema kweli, analizwa. Na wa baada yake wakasema kushoto, wakapewa mkono. Nikajisemea, kumbe mguu wangu ukipona, watoto wa watu wanafeli. Basi na usipone. Mimi sitaki kumliza mtoto wa mtu tena."

Nje, sauti ya Redio ilisikika ikimwambia mtu kushoto, kushoto.

Profesa alikumbuka. Ilionekana mabegani mwake, yalivyoshuka. Alikuwa mtu mkali, mwenye majivuno yake, lakini hakuwa mwongo, na aibu ilipomfika hakuitafutia mlango wa kutokea. Alimwomba Bibi alale, kwa adabu. Akakunja mikono ya koti, akapenyeza kiganja chake mwenyewe chini ya kisigino cha kushoto.

"Inua wa kulia, bibi."

Bibi aliinua. Profesa alibaki hivyo kwa muda mrefu kuliko kipimo kinavyohitaji, ameinama, kisigino cha mgonjwa wake kikimkandamiza kiganja, na alipoinuka macho yake yalikuwa na maji.

"Umepona," alisema.

"Hiyo nilishaambiwa na huyu."

"Tunaandika nini, Profesa?" mtahini mgeni aliuliza, ingawa kalamu yake ilikuwa imeshaanza kuandika.

"Amefaulu. Andika amefaulu, na jibu langu lifute." Akamgeukia Labda, akampa mkono kama anavyopewa mtu wa rika lake. Halafu akatoa simu, akaenda nayo pembeni. Walimsikia akisalimia mtu, akiuliza habari za kazi, kisha: "Hapana, hapana, hujakosea lolote. Kaa chini kwanza. Mimi ndiye niliyekosea, na ni vizuri uambiwe na mimi mwenyewe." Baada ya hapo akawapa mgongo, na wakaacha kusikiliza, isipokuwa Bibi, ambaye alisikiliza mpaka mwisho.

Labda alijaribu kushukuru, machozi yakaanza kumtoka ovyo, ya tangu mara ya kwanza, na ya mara ya pili, na ya leo.

"Hebu acha," Bibi alimwambia, akimfuta shavu kwa ncha ya shuka. "Ukitoka hivyo watadhani umefeli."

Wakadhani hivyo hivyo. Alipofungua tu mlango, ukumbi mzima uliona macho yake na ukatoa sauti ya kilio cha pamoja. Redio alikuwa wa kwanza kumkumbatia. "Pole, dada! Umefelije kwa Bibi? Kwa Bibi, jamani! Nilikwambia kushoto, ulisema kulia?" Mwingine alimletea maji. Mwingine alianza kumweleza kwamba maisha si shahada tu. Labda alitaka kuwaambia, lakini kila alipofungua kinywa kilitoka kwikwi, na kila kwikwi ilizidisha pole.

Ndipo mlango ulipofunguka tena nyuma yake.

Bibi alitoka kwa miguu yake, anatembea bila fimbo na bila mtu, akaja mpaka katikati ya ukumbi. Maji yalimwagika mkononi mwa aliyeyashika. Mikono ya Redio ilianguka kutoka mabegani mwa Labda, moja baada ya nyingine, na kwa mara ya kwanza tangu afahamike, Redio alikosa matangazo. Aliutazama mguu wa kushoto, akautazama wa kulia, akarudi kwenye wa kushoto.

"Sasa sisi," aliuliza polepole, "tutasema nini?"

"Mtanipima," Bibi alisema. Aliwapitishia macho wote, mabingwa watarajiwa wa kiharusi na mishipa ya damu, mmoja mmoja, kwa upendo mwingi na huruma kidogo. "Haya, wanangu. Nani anafuata?"